Clement Gwilliam Atembezwa Mjini Kwake

Shemeji yangu Clement Gwilliam aliuza makaa ya mawe katika mji wa Ashlow tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Hapakuwa na nyumba asiyoijua, ila aliijua kwa nyuma: vichochoro, milango ya uani, mashimo ya kumwagia makaa, mbwa wakali na mbwa wapole. Wageni waliposhuka kwenye mabasi wakati wa kiangazi, wakatembea katikati ya barabara huku wametazama juu mpaka wanagongana, yeye aliwapigia honi.

"Sogeeni, jamani! Hayo mawe hayana miguu, mtayakuta kesho!"

Wenye hoteli walimsihi awastahi wageni, maana mgeni njoo mwenyeji apone. Clement aliwajibu kwamba yeye alikwisha kupona zamani.

Ndani ya ngome ya kale waliyoijia wageni hao hakuwahi kuingia hata siku moja. Kanisani aliingia mara ya mwisho siku ya mazishi ya binti yake.

Rhona alikuwa mtoto wa pekee wa Clement na dada yangu Olwen. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa na miaka minane, baridi ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwepo kanisani. Kasisi wa wakati ule alikuwa mtu mpole. Alitafuta neno la kufariji akalikosa, akasema Mungu alikuwa akimhitaji Rhona. Clement akasimama. Akavaa kofia yake mle mle ndani, akapita kati ya watu mpaka mlangoni, akatoka. Tulidhani anakwenda kuvuta pumzi. Hakurudi. Tulimzika mtoto bila baba yake, na tulipokuwa tukishuka kutoka makaburini tukalikuta lori lake limesimama Mtaa wa Kinu, naye yumo ndani ya suti ya mazishi, gunia begani, anamwaga makaa kwenye nyumba ya watu.

Mji ulisema ulivyosema. Olwen hakusema kitu, na hilo ndilo lililokuwa zito. Walikula meza moja, wakalala kitanda kimoja, wakazeeka pamoja. Kila Alhamisi, siku ya soko, Olwen alinunua maua akapanda nayo makaburini peke yake. Clement alijua anakokwenda. Hakuuliza, wala hakualikwa.

Mwaka jana macho ya Clement yakaanza kuharibika. Ugonjwa wenyewe ulianza kula katikati ya jicho ukaacha kando. Ukimkabili uso kwa uso aliona masikio yako na kofia yako, lakini uso hakuna, pana ukungu tu. Akitaka kukuona ilimbidi atazame bega lako. Daktari alimwambia waziwazi kwamba dawa hakuna, na kwamba hicho kilichobaki nacho kitafifia.

Siku kadhaa zikapita. Kisha asubuhi moja, tukiwa jikoni kwao tunakunywa chai, akasema, "Olwen, nataka kuuona mji."

"Mji gani tena?"

"Huu huu. Ule wanaokuja kuuona wenzetu wa mabasi."

Nilishindwa kujizuia. "Shemeji, wewe? Si utajipigia honi mwenyewe?"

"Cheka tu. Wewe una macho mawili mazima na hujui hata mlango wa kanisa una rangi gani. Basi utakuja kunishika mkono kwenye ngazi."

Olwen alikuwa amempa mgongo, anaosha vikombe. "Twende Alhamisi," akasema. "Siku nyingine pai hazipatikani."

Alhamisi ikafika, Clement akatoka amefunga tai. Tulianzia kwenye jumba la soko, lile la juu ya nguzo za mbao. Chini yake biashara ilikuwa imechangamka. Vernon Tipton, muuza jibini, alipomwona akaacha kisu.

"Haya, kulikoni? Clement kafunga tai! Nani kafa?"

"Bado hajafa. Nikatie kipande, angalau nife nimeshiba."

"Na hizo nguzo unazipapasia nini? Unataka kununua?"

Kweli alikuwa akizipapasa. Nguzo zile zimechorwa majina ya watu tangu enzi za babu za babu zetu, kila kijana aliyekuwa na kisu na mchumba ameacha alama yake. Clement alitembeza vidole humo taratibu, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayesikiliza. "Nimepita hapa maisha yangu yote," akasema, si kwa Vernon wala kwangu.

Kwenye lango la ngome, Bi Pargeter, muuza tiketi, alichungulia dirishani kwake. "Clement Gwilliam! Makaa yanapitia nyuma, bwana, kama zamani."

"Leo mimi ni mgeni. Nikatie tiketi."

"Wageni huomba kwa adabu."

"Naomba tiketi, bibie, na unionyeshe choo kilipo."

Bi Pargeter alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha, kisha akamtazama namna alivyoelekeza macho pembeni, akaelewa. Alitoka mwenyewe akatufungulia lango.

Ndani ya ngome ni kuta tu, paa lilikwishaondoka na mvua za zamani. Clement alisimama kwenye ukumbi mkuu, akageuza kichwa huku na huku mpaka akaliona jiko la kuotea moto, liko juu ukutani, maana sakafu ya pale nayo imeondoka. Alilitazama kwa muda.

"Hilo lilikuwa linakula," akasema. "Usiku na mchana linakula. Kuna kibao hapo chini?"

Nikamsomea kibao. Kilitaja mabwana waliojenga, walioizingira na waliokatwa vichwa.

"Na aliyepandisha kuni?"

"Hawakumtaja."

"Naam," akasema, "yeye alipitia nyuma."

Tulipotoka upepo ulikuwa umeanza kuchonyota. Olwen akasema tumetembea vya kutosha, twende nyumbani tukale. Clement akasimama.

"Bado kanisa."

Dada yangu alitengeneza kitambaa chake kichwani, akatangulia.

Kanisa la Mtakatifu Kenelm halikuwa na mtu ila mzee mmoja mtunzaji, aliyetudhania wageni akaja kutuonyesha viti vya waimbaji. Ukivipindua, chini yake pana nakshi: mlevi na mtungi wake, bundi, mtu anayeota moto huku vipande vya nyama vinaning'inia juu yake. Clement alivipapasa kwa adabu, akamshukuru mzee. Mzee alipoondoka, Clement akauliza polepole, "Siku ile sanduku la Rhona lilikuwa wapi?"

Olwen akamshika mkono, akampeleka mpaka mbele, palipo na jiwe la sakafuni lenye ufa. "Hapa. Kichwa huku, miguu huku."

Akavua kofia. Nilitaka kuondoka, lakini aliniegemea, nikabaki.

"Nilidhani utageuka pale mlangoni," Olwen akasema. "Nilikuwa nakuangalia. Nilisema, atageuka."

"Ningegeuka ningeliona tena lile sanduku. Yule bwana anasema Mungu anamhitaji. Mungu mwenye malaika wote wale, anamhitaji Rhona kwa kazi gani?"

"Na mimi je? Mimi sikukuhitaji?"

Miaka yote ile nilikuwa nikiwaza jibu lake litakuwa nini siku atakapoulizwa.

Clement akasema, "Nipeleke kwake."

Kaburi la Rhona liko upande wa ukuta, chini ya mti mweusi wa makaburini. Clement aliutazama mti ili aweze kuliona jiwe. Kuliona aliliona, lakini maandishi hayakumjia; kila alipoyalenga yalimezwa na ukungu.

"Nisomee," akamwambia mkewe.

Nilijua kilichoandikwa. Nilikuwepo Olwen alipompa mchonga mawe maneno yake, na nilinyamaza, kwa kuwa mwenye msiba hafundishwi.

Dada yangu alikuwa na uwezo wa kuongeza neno moja kwa mdomo. Mumewe asingejua, nami ningekufa nalo. Akalisoma jiwe kama lilivyo.

"Rhona. Miaka minane. Binti wa Olwen."

"Endelea."

"Limeishia hapo, Clement."

Upepo ulikuwa ukivuma kwenye ule mti. Clement alisimama, kofia mkononi, nywele zake chache zimetimka.

"Ulikuwa na hasira," akasema.

"Nilikuwa nayo. Bado ninayo."

"Ni sawa."

Kisha akaanza kupiga magoti, kazi iliyochukua muda kwa magoti yale, na alipoukataa mkono wangu nikamwacha. Akafika chini. Akapapasa nyasi mpaka akalipata jiwe, akaanza kung'oa magugu pembezoni mwake, moja moja. Olwen alimtazama. Baada ya kitambo naye akapiga magoti, akachukua mkono wake akausogeza: "Hayo si magugu. Hayo nimepanda mimi. Njoo huku."

Nikaenda kuwangoja langoni.

Sasa Clement haoni ila mwanga na giza. Kila Alhamisi wanapanda wote wawili, yeye amebeba mkasi wa kukatia nyasi, Olwen amebeba maua. Njiani dada yangu humsomea majina ya majirani waliolala pale, naye huwakumbuka kwa makaa yao: huyu alikuwa na shimo jembamba, yule mkewe alikuwa akinipa chai, huyu mbwa wake aliniuma nikamwuma na mimi.

Kuhusu jiwe bado hawajaelewana. Olwen anataka kumwita mchonga mawe aongeze jina la baba. Clement anakataa katakata. Anasema siku ile Rhona alikuwa na mama tu, jiwe linasema kweli, liachwe.

"Basi nitaliongeza ukifa," Olwen alimwambia juzi, mbele yangu. "Utanizuiaje?"

"Nikifa fanya utakalo."

"Nitafanya."

"Haya. Tushuke basi, samaki wazuri watakwisha."

Wakashika njia ya sokoni, dada yangu upande wa barabarani.