Kitambaa Juu ya Seva

Sebule ya mama ilikuwa na sheria moja: hakuna kitu kilichokaa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, redio ya marehemu baba ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na kikubwa chenye maua ya manjano, na hata simu, ambayo haikulia mara nyingi, ilivalishwa kijisketi. Mgeni wa Kakamega akiingia aliviangalia vitambaa kwanza, ndipo akaketi. Mimi nilikulia humo, kwa hivyo nilikuwa nimeacha kuviona. Hapo ndipo nilipoweka seva yangu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Baba alikuwa amefariki, ndugu zangu wana nyumba zao, nami nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Nairobi nikidai nimekuja kupumzika. Ukweli ni kwamba sikutaka mama ale ugali peke yake. Lakini mapumziko hayalipi umeme. Bosi wangu wa zamani aliniambia nafasi yangu ingenisubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha angempa mtu mwingine. Nikipata kazi ya kutengeneza tovuti hapa hapa, nabaki. Nikikosa, nafunga virago. Mama alilijua hilo, na hakuniambia kaa wala nenda.

Kazi iliyokuwa mbele yangu ilikuwa moja tu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na msitu, ukishapita Khayega, alitaka wazungu wanaokuja kutazama ndege waweze kuomba chumba wakiwa bado kwao. Habari za intaneti alikuwa amezisikia kwa wageni wake, na hakuwa mtu wa kudanganywa.

"Mimi silipiangi kitu sijaona," aliniambia. "Nitakuja kwenu Jumamosi. Mtu aandike jina, aitishe chumba, ajibiwe. Nikiona hivyo, tutaongea."

Intaneti yenyewe ilikuwa Nairobi. Kuipata kutoka kwetu ilikuwa ni kupiga simu ya mbali, na kujaribu kurasa kwa njia hiyo, huku unakosea na kusahihisha siku nzima, ni kutia maji kwenye pakacha. Nikaamua kutengeneza intaneti yangu ndani ya nyumba. Nilikuwa na kompyuta mbili. Moja, nzuri kidogo, ilikaa chumbani kwangu. Ya pili ilikuwa kongwe na pana, ofisi fulani ya Nairobi ilikuwa inaitupa, ikaja kwa basi ikiwa imeviringishwa blanketi. Ndani ya hiyo kongwe niliweka Linux, programu ya kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye sidii ambayo rafiki wa chuo alininakilia. Linux haikudai mashine ya kifahari wala haikudai pesa. Mpaka leo nawashukuru wale watu nisiowajua sura, walioandika kitu kizuri namna ile kisha wakamwachia kila mtu, hata mimi niliyekuwa Kakamega na kompyuta ya kutupwa.

Kazi ya seva ni kungoja kuulizwa ili ijibu. Ukishaipanga vizuri haihitaji skrini wala kibodi, unaiacha pembeni ikinguruma. Soketi ya chumbani ilikuwa imeelemewa, basi nikaiweka seva sebuleni, kwenye meza ndogo kando ya televisheni, nikapitisha kebo chini ya zulia hadi kwangu. Siku ukurasa wa kwanza ulipofunguka chumbani, nilimwita mama kwa furaha. Alisimama mlangoni mikono ikiwa na unga.

"Sasa hiyo imetoka wapi?"

"Sebuleni, mama."

"Si ungeenda tu sebuleni ukaichukua?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilimpenda sana siku ile, na nadhani yeye pia alifurahi, ingawa alirudi jikoni akitikisa kichwa.

Kisha seva ikaanza kunisumbua. Ilifanya kazi vizuri asubuhi, halafu ghafla inanyamaza, ukiiuliza haijibu. Nabeba skrini hadi sebuleni, naiunganisha, naiwasha upya, nakaa nayo nikiikodolea macho, haina neno. Ilikuwa kama mtoto anayekohoa usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anacheka. Narudi chumbani, baada ya muda inanyamaza tena. Nililaumu stima, maana umeme wetu ulikuwa wa kupepesa. Nililaumu radi, maana kwetu mvua ya alasiri haiji bila ngurumo. Nikailaumu Linux yenyewe, nikaifuta na kuiweka upya, na wale watu niliokuwa nikiwashukuru nikawatukana kimoyomoyo. Mimi hasira zangu ziko karibu, na wiki ile zilihamia mlangoni kabisa.

"Pengine imechoka," mama alisema. "Unaifanyishanga kazi sana."

Nilimjibu kwa mkato, naye akachukua uzi wake akaendelea kufuma.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa amechinja ingokho, kuku wa heshima ya mgeni, tangu alfajiri, sebule imepigwa deki, na seva imevikwa kitambaa kipya cheupe alichokuwa akikifuma wiki hizo zote. Kile cha mwanzo, alichoivalisha siku ile ile nilipoiweka sebuleni, kilikuwa na matundu matundu. Hiki alikishonea bitana ya kitambaa cha pazia kwa ndani, kikaning'inia hadi chini pande zote. Nilikiona, nikasema moyoni kimependeza, nikaendelea kuhamisha ile kompyuta ya chumbani kuileta kwenye meza ya chakula ili mgeni asiingizwe chumbani.

Mgeni alikuja, akasalimia, akaangalia vitambaa, akaketi. Nilimfungulia ukurasa. Picha ya ndege wa msitu ikajichora polepole kutoka juu. Nikampa kibodi. Aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akaitisha chumba katika nyumba yake mwenyewe, akabonyeza. Jibu likaja: karibu, chumba chako kipo. Akacheka kwa sauti, akataka kurudia.

Mara ya pili hakuna kilichokuja. Tulingoja. Nikasema lile neno ambalo watu wa kompyuta wote husema wakikwama: "Ngoja kidogo." Tukangoja tena. Nilianza kuona sanduku langu likiwa juu ya basi la Nairobi, na mama amesimama stendi na mwavuli wake.

Mama akaleta chai. Mgeni alipokea kikombe, kisha akageukia meza ndogo, akafanya wanachofanya wanawake wote wa kwetu wanaojua kufuma: akainua pindo la kitambaa atazame upande wa ndani, kwa sababu mafundo hufichwa huko.

"Nani alifuma hii?"

"Ni mimi," mama akasema.

Mgeni akapitisha kiganja chini ya kitambaa, akakirudisha upesi. "Mama, hii kitu yenu inaungua huku ndani."

Nilikivua. Bati la seva lilikuwa moto kama sufuria. Feni ya nyuma ilikuwa inapuliza kwenye bitana, na joto lilikuwa halina pa kwenda. Ndipo nikaelewa yote. Kila nilipobeba skrini kwenda kuichunguza, nilikuwa nakivua kitambaa na kukikunja vizuri kitini, nayo seva inapoa. Nikimaliza, mimi mwenyewe, mtoto aliyelelewa vyema, nilikuwa nakirudisha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Niliizima, tukanywa chai hadi seva ikapoa. Nikaiwasha. Linux ikakagua diski yake bila haraka, ikaamka, na jibu likaja, mara moja, mara mbili, kila alipouliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipomaliza kula alisema, "Basi fanya kazi. Lakini hiyo yangu msiifunike."

Alipoondoka nilimkuta mama jikoni akiosha vikombe, amenipa mgongo.

"Kumbe ni mimi nilikuwa nakuharibianga."

"Mama, hukujua. Hata mimi sikujua. Lakini mbona ukakiwekea na bitana?"

Alisuuza kikombe cha mwisho. "Kitu ya kupita haifunikwangi," alisema. "Hiyo mashine ilikuja na blanketi ya safari. Nikaona nikiipatia kitambaa yake kama zingine, itakaa. Ikikaa, na wewe utakaa."

Mwezi mzima nilidhani hakuwa na la kusema. Nilichukua taulo nikaanza kupangusa vikombe.

Jumatatu asubuhi niliivua simu kijisketi chake, nikampigia bosi wangu Nairobi, nikamshukuru, nikamwambia ile nafasi ampe mwingine. Mama alikuwa kitini kwake akiifumua ile bitana. Nilipokata simu, niliivalisha tena.