Pini ya Ushungi na Swichi ya Waipa

Andika, mjukuu wangu. Baba yangu alikuwa Hamad Faki na mama yangu Bi Time; wote walizaliwa Kengeja, nami nilizaliwa huko huko.

Juzi nilimwona mdogo wangu Salim akifunga swichi mpya ya waipa katika gari lake kuukuu, nikaikumbuka alasiri moja ya mvua. Baba aliendesha gari la abiria, na kila alipoivuta swichi ya waipa alitamka Bismillahi. Niliamini kwamba neno lile ndilo lililofuta kioo.

Siku hiyo tulikuwa tukimpeleka mama hospitali, naye ameshikwa na uchungu. Mvua ikakifunika kioo. Baba akatamka, akavuta, waipa zisitikisike. Nikalia.

“Baba, ni mimi! Nimekula tunda la doriani la jirani bila ruhusa!”

“Harufu yake naisikia tangu Kengeja,” alisema baba, akiifungua swichi. “Kesho utakwenda kumtaka radhi. Lakini waipa haina pua, mwanangu. Hii ni kutu.”

“Basi ikwangue, bwana, ama mtoto azaliwe humu!” mama alimkemea, akachomoa pini ya ushungi wake na kumpa.

Baba aliikwangua shaba ya ndani ya swichi mpaka ikang'aa, akatamka Bismillahi, waipa zikaenda. Mtoto aliyezaliwa hospitali kabla ya magharibi ndiye Salim.

Pini hiyo imo katika kijaluba changu. Ihifadhi wewe, wala usimpe Salim. Yeye hutupa vitu. Na Bismillahi usiiache, hata ukishajua kutu ni nini.