Unga wangu wa sumaku umemfanya jirani aitwe mchawi

Admin, naomba jina langu lisionekane. Mimi ni dada wa miaka 26, naishi Mangobo, hapa Kisangani. Papa yangu alipofariki, mdogo wake, tonton yangu ambaye ni mchungaji, alituchukua mimi na mama nyumbani kwake, akanisomesha kemia mpaka chuo kikuu.

Chuoni ninajifunza kutengeneza sumaku za spika. Tunachanganya kutu ya chuma na chumvi fulani ya madini, tunachoma, tunasaga mpaka tupate unga mweusi laini kama masizi. Unga huo tunaushindilia kwenye kalibu, unachomwa tena kwa moto mkali hadi unakuwa mgumu kama kigae, halafu tunautia nguvu ya sumaku. Siku moja nilileta nyumbani kopo la unga na kipande kimoja kilichokamilika, nikamwonyesha tonton. Nilipitisha sumaku chini ya sahani, unga ukasimama kama nywele, ukatembea. Alicheka kwa furaha, akaomba nimwachie vyote viwili, unga na sumaku. Nilijisikia fahari.

Jumapili nikauona unga wangu madhabahuni. Tonton aliwaambia waumini ni udongo ulioombewa, ukimwona mchawi unatembea. Akamwita mbele jirani yetu, mjane anayeuza pondu, majani ya muhogo, sokoni, ambaye mjukuu wake alikuwa amefariki kwa homa. Mkono mmoja wa tonton ulikuwa chini ya sahani. Unga ukatembea. Watu wakapiga kelele, nami nikabaki nimekaa.

Sasa hakuna anayenunua pondu yake, na watoto wake wamemtoa nyumbani. Nilimwendea tonton nikamsihi aseme ukweli. Hakukasirika hata kidogo.

"Bon, mutoto yangu, kanisa ndiyo inatulisha. Kuna batu banaanza kusema ni sumaku. Jumapili utasimama, utasema wewe ni mutu ya chimie, ulipima, haiko sumaku."

Nilipomweleza mama, aliniuliza tu tukifukuzwa tutalala wapi, kisha akaendelea kupika.

Jana yule mjane alinisubiri njiani. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alinishika mkono, akasema polepole: "Mutoto yangu, wewe ulisoma. Pengine niko mulozi na mimi sijue. Niambie."

Nilimwambia nachelewa, nikaondoka.

Jumapili ni keshokutwa. Nikisema, mama yangu atalala nje. Nikinyamaza, yule mama ataamini kwamba alimuua mjukuu wake mwenyewe. Ndugu zangu, mngekuwa mimi, mngesimama mkasema nini?