Breki ya Mtutu na Mzee wa Benchi la Kulia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya bunduki kule Savage, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani, mwenye karakana aliweka vipande vitatu vya chuma juu ya meza, akaniambia, "Hizi ni breki. Kazi yako itakuwa kuzitengeneza." Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa hata chembe. Miaka kumi na minne nilikuwa fundi wa kukereza chuma katika karakana ya reli, Tanga, na breki nilizozijua mimi ni za kusimamisha mabehewa. Bunduki inakwenda wapi hata ifungwe breki?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mke wangu alipata nafasi ya kusoma chuo kikuu Minneapolis, nami nikamfuata nikiwa sina cheti chochote kinachotambulika kule, nina mikono tu. Mwenye karakana hakuuliza cheti. Alinipa kipande cha chuma, akaniambia nikate nyuzi, yaani ile mikato ya kuzunguka inayofanya parafujo ishike, akazipima, akanipa aproni. Mashine ya kukereza ni ileile Tanga na Savage. Mengine yote yalinichanganya.

Sasa nyinyi vijana mnaojifunza ukerezaji, niwaeleze breki ya mtutu ni kitu gani. Bunduki ikipigwa, risasi inatoka mbele na gesi ya baruti inaifuata, na bunduki yenyewe inarudi nyuma na kumpiga mpigaji begani. Sisi tuliita teke. Breki ni kipande kifupi cha chuma kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu, chenye matundu yanayoipeleka gesi pembeni badala ya kuiacha itoke yote mbele. Gesi ikipelekwa pembeni, teke linapungua. Tundu likilazwa kuelekea nyuma kidogo, gesi inaivuta bunduki mbele, na teke linapungua zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kujiona mjanja.

"Mteja ananunua kwa ajili ya bega lake," mwenye karakana alinifundisha. "Kumbuka bega."

Nikalikumbuka bega kweli kweli. Nikalaza matundu nyuma zaidi ya yale aliyonionyesha, nikayapanua, nikazipiga msasa kingo zake mpaka zikang'aa. Wawindaji waliokuwa wakienda majimbo ya magharibi na bunduki kubwa walizijaribu, wakarudi wanacheka kwa furaha. Mmoja alisema mkewe sasa anaweza kuipiga bunduki yake bila kupata alama ya bluu begani. Mwenye karakana akanipa funguo za gari la kazi na kunituma kila Jumamosi kwenye uwanja wa shabaha, kusini kidogo ya Lakeville, nikajaribu breki mpya kabla hazijauzwa.

Uwanja ulikuwa na mstari wa mabenchi chini ya paa la mabati, na kila benchi limetenganishwa na jirani yake kwa ubao. Mkuu wa uwanja, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, ndiye aliyetoa amri za kupiga na kuacha. Pale ndipo nilipojuana na Bwana Walter. Alikuwa mstaafu, amepeleka barua za watu maisha yake yote, na kila Jumamosi alikuja na bunduki yake ndogo isiyo na makelele kutoboa karatasi. Sikio lake la kulia lilikwisha kufa tangu ujana, alipofanya kazi kiwanda cha mbao. Lililobaki ni la kushoto. Aliniambia mwenyewe, bila kujihurumia, kwamba mkewe alipata kiharusi, yuko kitandani, na sauti yake imekuwa ndogo mno. "Hili moja linatosha kumsikia," alisema huku akiligusa.

Alichagua benchi la kulia kwangu, ili sikio zima lielekee upande wangu. Alipenda hadithi zangu za reli. Kila nikipumzika kupiga, alinyanyua kifunika-sikio chake cha kushoto na kuniuliza habari za vichwa vya treni vya mvuke, nami nikamweleza mpaka mkuu wa uwanja apulize filimbi. Wakati mwingine filimbi ilimkuta kifunika-sikio bado kimenyanyuka, akakirudisha polepole, kizee-kizee.

Ndipo likaanza jambo lililonifurahisha kuliko yote. Nilipofika na sanduku langu la breki, watu walihama. Aliyekuwa benchi la kushoto alikusanya risasi zake, akanitabasamia, akasogea mabenchi matatu. Wa benchi lililofuata naye akasogea. Wakanisalimia vizuri, wakanisifu kazi, wakanipisha. Kwetu mtu ukipishwa hivyo ujue unaheshimiwa. Nilimwandikia kaka yangu Tanga kwamba huku fundi anathaminiwa, nikifika tu wananiachia nafasi kama mgeni rasmi. Mungu anisamehe, niliandika vile na barua nikaituma.

Bwana Walter peke yake hakuhama. Hilo nalo lilinichanganya kidogo. Nilidhani labda yeye ameshanizoea, haoni tena haja ya kunipisha. Siku moja nilimuuliza, "Bwana Walter, nakusumbua?"

"Hapana, hapana kabisa," alijibu. "Fanya kazi yako."

Aliyenifumbua macho alikuwa Njeri, binti wa Kikenya aliyesoma na mke wangu na kufanya kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee Plymouth. Gari la kazi liliharibika Jumamosi moja, akaja kunichukua. Alisimama nyuma ya ubao wa kushoto wakati ninamalizia risasi za mwisho. Nilipopiga ya kwanza alipiga kelele. Nilipopiga ya pili hakuwepo tena, alikuwa amekimbilia maegesho.

"Uncle, hiyo kitu ni nini?" aliniuliza nilipomfuata, mikono bado iko masikioni. "Nimeskia kama mtu amenigonga kifua!"

"Ni breki tu. Mbona mimi siisikii hivyo?"

"Si uko nyuma yake! Umewahi kaa hapo kando wewe?"

Sikuwahi. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa nyuma ya kitako cha bunduki, pale bega lilipo.

"Lakini hawa watu hawajalalamika hata siku moja," nikasema. "Tena wananipisha kwa heshima."

Njeri alicheka hadi akainama. "Heshima? Uncle, wanakuhepa! Mimi na-deal na hawa wazee kila siku. Mtu wa hapa anaweza kuwa anaumia, na bado atakushow ati ako sawa, na a-smile pia. Haongei. Anahama tu."

Nilirudi mabenchini nimechanganyikiwa kama mtu aliyeamka katika nyumba isiyo yake. Nikamwomba mkuu wa uwanja apige bunduki yangu, nami nikakaa benchi la kulia, ambalo Bwana Walter alikuwa ametoka kuliacha dakika chache kabla. Nilivaa vifunika-masikio vizuri. Akapiga. Upepo wa moto ulinipiga shavuni, karatasi za mezani ziliruka, na kishindo kikarudi tena kutoka kwenye paa la bati. Nikanyanyua kichwa nikaona mkuu wa uwanja ananitazama kwa upole.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza kwa hasira.

Akaona haya. "Tulidhani unajua," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Jumatatu nilimwambia mwenye karakana kwamba sitakata tena matundu ya kulala nyuma. Tulibishana asubuhi nzima. "Hakuna anayenunua breki kwa ajili ya jirani," alisema. Nikamjibu kwamba jirani naye ni mteja wa mtu. Hakulipenda jibu hilo, lakini alinipa wiki moja na mabaki ya chuma nijaribu. Nilikata breki za kila namna. Nilitoboa matundu pande zote, teke likapungua, lakini mpigaji aliyelala chini alirushiwa theluji usoni. Nikayahamishia juu, makelele ya pembeni yakapungua kidogo, bunduki nayo ikatulia isinyanyuke mdomo. Nikayalaza mbele, jirani akapata nafuu kubwa, bega nalo likalalamika. Vizima-sauti, ambavyo vingepunguza kishindo na teke pamoja, sheria ya jimbo haikuviruhusu enzi zile. Kila nilipompendeza mmoja nilimuudhi mwingine, na usiku nililala nikiona matundu.

Mwishowe tulikubaliana. Breki iwe na matundu machache, juu na pembeni, yaliyolazwa mbele kidogo. Iwe ya kufungua kwa mkono, na kila mteja apewe kofia ndogo ya chuma ya kufunika nyuzi za mtutu. Kwenye uwanja wenye watu aifungue, avumilie teke na mto wa begani. Porini akiwa peke yake aifunge. Akilazimika kuitumia uwanjani, achukue benchi la mwisho na awaambie majirani kabla ya kupiga, asingoje waseme wao. Zile za zamani mwenye karakana aliendelea kuziuza kwa wanaozitaka, ila maelezo ilikuwa lazima niyatoe mimi mwenyewe, uso kwa uso.

Jumamosi iliyofuata nilifika na breki mpya, nina hamu ya kumwonyesha Bwana Walter. Hakuja. Na iliyofuata hakuja. Mkuu wa uwanja akanipa anwani yake, nikaenda Lakeville na keki aliyoioka mke wangu bila kujua ni ya kuombea radhi.

Alifurahi kuniona, akaniketisha sebuleni. Aliongea kwa sauti kubwa kuliko zamani. Nilimwambia kila kitu, kuhusu matundu, kuhusu kupishwa, kuhusu ujinga wangu. Akapunga mkono.

"Sikio langu halina neno," alisema. "Nilipumzika tu. Baridi. Ile breki yako ilikuwa nzuri sana."

"Kwa nini hukuhama kama wenzako?"

"Ningehama nisingesikia habari za treni," alisema, na akaendelea kumimina kahawa.

Mkewe akaita kutoka ndani, "Walter." Nilisikia vizuri. Akaita tena. Bwana Walter alikuwa ananieleza habari za maziwa ya unga. Mara ya tatu nikamwambia, "Unaitwa."

"Ndiyo, nimesikia," alisema. Akainuka, akaenda jikoni. Sauti ilikuwa inatoka chumbani.

Nilikwenda mimi mpaka mlangoni, nikamwambia mama yule kwamba mumewe anakuja. Alinitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akasema taratibu, "Siku hizi namwita mara nyingi."

Baadaye nilihamia kiwanda kimoja Plymouth, nikakereza vipande vya pampu chini ya msimamizi wa zamu aliyependa kupima kila kitu mara mbili, na huko nikastaafu. Vijana wa kazi hunipigia simu bado, wananiuliza breki gani bora. Nawaambia wakakae kwanza benchi la jirani, kisha wanipigie tena. Wengi hawapigi.

Kama ni breki yangu iliyolimaliza sikio la Bwana Walter, au ni uzee tu, mpaka leo sijui, na kutojua huko kunanisumbua kuliko kama ningejua. Siku ile mlangoni lilibaki swali moja tu la kumuuliza mkewe: tangu lini? Nilisimama pale na kofia mkononi, nikamuuliza badala yake kama anahitaji maji. Sasa wote wawili wametangulia.