Dawa ya kupevusha mayai ilinikausha ute, mume wangu ndiye aliyeniulizia

Wakuu, nawasalimu nyote. Nimeona dada mmoja humu anauliza kuhusu dawa za kupevusha mayai, nikasema leo nivunje ukimya. Naandika polepole, mnivumilie, ila haya nimeyaishi mwenyewe.

Ni enzi za Zaire, Lubumbashi. Nilikuwa binti mdogo mwenye elimu ya msingi, nimeolewa mtaa wa Bel-Air na kijana wa kwenye tanuru za shaba.

Mimba haikuja.

Mama mkwe alikuja kutoka Kilwa, ile ya ziwani hukohuko Zaire, na samaki wakavu, akasema majirani wakisikia: "Samaki naletaka kila mara. Mutoto wa kuikula iko wapi?" Akamwambia mwanawe kwamba safari ijayo akikuta tumbo tupu, atamletea msichana wa kwao.

Hospitali wakanipa vidonge vya kuamsha mayai.

Hapa ndipo tulipokosea. Sisi Wakatoliki, kabla ya ndoa masista walitufundisha kusoma siku kwa ute. Ukiwa mkavu, bado. Ukivutika kama ute wa yai bichi, siku zimefika.

Basi nikameza dawa, tukangoja ile alama. Haikuja. Ute kidogo uliotoka ulikuwa mzito kama gundi. Mume wangu akiuliza, jibu langu ni "bado". Tukalala kama kaka na dada, na damu ikarudi. Mwezi uliofuata, vilevile.

Niliamini dawa imeniharibu kizazi. Lakini kumwambia daktari mwanaume habari za ute? Heri ardhi inimeze.

Nikamweleza mume wangu, naye akaomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Daktari akamwita "raia", kama ilivyokuwa desturi enzi zile, akamtania: "Citoyen, weye njo mugonjwa?"

"Hapana, docteur. Bibi iko na haya. Lakini mutoto ni ya bawili, na maulizo ni ya bawili."

Akauliza yote, neno kwa neno. Mimi natazama sakafu, moyoni nampigia makofi. Wanaume wa wakati ule, nani angethubutu?

Daktari akaacha utani. Alieleza kwamba dawa hiyo huamsha yai, lakini kwenye shingo ya kizazi huzuia homoni inayotengeneza ute. Kwa wengine ute hupungua au huwa mzito, na mbegu hupita kwa shida. Yai huenda lilikuwa linatoka, sisi tunangoja alama ambayo dawa yenyewe imeificha.

Akapunguza kipimo cha dawa, akasema tusingoje tena ute, tukutane kila baada ya siku moja katikati ya mzunguko wangu.

Haikushika mara moja. Ilishika baadaye, tulipokuwa tumeanza kuchoka.

Mama mkwe aliporudi alinikuta siwezi kufunga kitenge vizuri. Akanitazama, akamtazama mwanawe.

"Mama," mume wangu akasema, "ule musichana, umwambie aolewe na mwingine."

Mimi si daktari. Ninachojua, ukiwa kwenye dawa hizi usitegemee alama za zamani peke yake, muulize aliyekuandikia.

Waliopitia haya, karibuni mseme. Mwenye haya kama mimi, amwachie mumewe aandike.