Sahani ya Buluu na Panya Mwenye Kofia

Binamu yangu yuko Ulaya, anasafisha vizimba vya wanyama kwenye maabara moja. Mwaka huu alinitumia video ya panya. Watu wengine hutumiwa viatu. Mimi, kwa kuwa nafundisha biolojia hapa Kasongo, nilionekana ninastahili panya.

Alikuwa panya mweupe, mnene, mwenye kitu kama kofia ndogo kilichobandikwa juu ya fuvu. Chini ya kofia hiyo, binamu alieleza, nyaya nyembamba kuliko unywele zimeingia mpaka ndani ya ubongo. Panya huyo ana kifafa. Nyaya zinausikiliza ubongo wake wakati wote, na dalili za kuanguka zikianza tu, zinatuma umeme kidogo, kifafa kinazimika. Bwana panya anaendelea na shughuli zake. Nilimfurahia sana. Ana umeme mpaka kichwani, wakati mtaa wetu mzima unachaji simu kwa jirani mwenye sola.

Niliwaonyesha watu wa nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Mama alitazama kwa umakini wa mtu aliyekwisha kuchuna panya wengi wa porini.

"Wakimaliza ile kazi, wanamukulaka?"

"Hapana, Mama. Ni wa utafiti."

"Na vile amenona? Wazungu wanaharibishaka chakula."

Mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa penye mlango wa jiko, mahali pake. Yeye pia ana kifafa. Vidonge vyake vilikuwa vimekwisha kwenye kituo cha afya kwa wiki kadhaa. Barabara mbaya, walisema. Ni barabara hiyohiyo inayofikisha bia mpaka migodini Salamabila bila chupa kuvunjika.

Anakula peke yake, kwenye sahani ya buluu. Kwetu kila mtu anajua kwamba kifafa kinaambukiza kwa mate, kwa hiyo sahani hiyo haiguswi na mwingine, na huoshwa mwisho, kwa maji yake. Darasani nasema kwa sauti kubwa, chaki mkononi, kwamba huo ni uongo mtupu. Nimewahi kumnyima alama mwanafunzi aliyeandika vinginevyo. Kisha narudi nyumbani, nanawa, nakaa mbali na mlango wa jiko.

Aliomba simu. Nilijiandaa kumweleza habari za nyaya na umeme, na kwa nini chombo kile hakitatufikia tukiwa hai. Nilikuwa na somo zuri kabisa. Aliitazama video mara mbili, akaisimamisha mwishoni, pale panya mwenye kofia alipokuwa akila na mwenzake asiye na kofia.

"Yaya," aliniita, kama tunavyowaita wakubwa zetu, "ule mwingine haiko na ugonjwa?"

"Hapana. Ule iko muzima."

"Na wanakula mu sahani moja?"

Mama akaanza kutafuta chumvi iliyokuwa mbele yake. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Niliinuka, nikaenda kuchuchumaa penye mlango wa jiko, nikamega bugali kwenye sahani ya buluu, nikachovya kwenye sombe yake ya majani ya muhogo. Mkono ulikuwa unatetemeka. Miaka kumi na miwili ya kufundisha biolojia, na mkono unatetemeka.

Aliuona.

"Iko moto sana, Yaya?" aliniuliza, naye anajua chakula kilikuwa kimepoa zamani.

Nikasema ndiyo, nikamega tena.