Senti za Tundu za Wifi Amna

Wifi yangu Amna Halfani ni mbishi. Nasema hivyo kwa mapenzi, maana nimeolewa na kaka yake na sina pa kukimbilia. Meza zetu pale sokoni Mwanjelwa zimepakana: mimi nauza vitenge, yeye anauza hela zilizokufa. Ndivyo ninavyoziita nikitaka kumchokoza. Yeye huziita sarafu za kale, na ole wako umshikie moja kwa kidole chenye mafuta. Kuna siku niliona heller yake, sarafu ya enzi za Mjerumani, imefubaa, nikaisugua kwa jivu na limao mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi. Nilidhani nitashukuriwa. Hakunisemesha hadi Ijumaa. Kumbe wakusanyaji wanautaka uleule weusi.

Wateja wake wengi hawajawahi kuiona Mbeya. Amewapata kwenye soko la mtandaoni, ambako duka lake lilikuwa na nyota tano, na kila nyota aliitolea jasho. Sarafu ikiwa na mkwaruzo, atasema ina mkwaruzo hata kama mteja hajauona. Kwa hilo najivunia, ingawa mbele yake huwa namcheka.

Sasa Bibi Kashindye wa Chimala akamkabidhi mshipi wa sarafu. Ni zile senti kumi za mkoloni zenye tundu katikati, zimetungwa kwenye kamba ya ngozi. Mama yake aliuvaa kiunoni walipohama na ng'ombe kutoka Usukumani hadi Usangu. Bibi hana binti wa kumwachia, na wajukuu wake wa kiume hawajui hata ni kitu gani. "Nitafutie mtu wa kuuheshimu," alisema. Amna akaahidi.

Akaupiga picha juu ya kitambaa cheupe, akauweka dukani. Chai yake haijapoa, ujumbe ukaingia: bidhaa imeondolewa. Sheria ya soko inasema sarafu iliyotobolewa ni sarafu iliyoharibika, na muuzaji lazima aandike hivyo.

Amna akajibu kwa adabu kwamba tundu hilo hakulitoboa mtu, sarafu zilitoka nalo kiwandani, hata pembe za ndovu zimechorwa kulizunguka. Jibu likaja papo hapo: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali tuma picha ya sarafu kabla haijatobolewa."

Nilicheka mpaka kitenge nilichokuwa nakikunja kikanidondoka. Yeye hakucheka. Akaandika tena na tena, akashukuriwa vilevile na kuombwa picha ileile. Hivi jamani, huko kuna mtu kweli? Mwishowe wakatoa onyo: aandike "zimeharibika", ama duka lifungwe.

"Andika tu, wifi," nikamwambia. "Neno moja hilo. Nani atajua?"

"Nimwambie bibi wa watu kwamba mama yake alivaa takataka?"

"Na duka lako je?"

"Duka ni langu, Nusrat. Senti si zangu."

Akakataa. Kesho yake akafungua simu, duka hakuna. Nyota zote, sifa zote, wateja wote, vimekwenda. Mimi nilitukana watu nisiowajua mpaka muuza nyanya wa jirani akaniambia nimwogope Mungu. Amna alijifunika ushungi usoni akalia, na roho iliniuma, kwa sababu si mtu wa kulia hovyo.

Jumamosi tukaenda Chimala kuurudisha mshipi. Tulimkuta Bibi Kashindye uani anapepeta mpunga. Amna akampa shikamoo, akapiga magoti, akamwekea mshipi mkononi.

"Nimeshindwa, bibi. Nisamehe."

"Umekosa mnunuzi?"

"Walitaka kwanza niandike kwamba zimeharibika. Nikakataa, wakanifungia duka."

Bibi akauweka ungo chini. "Duka lote? Kwa ajili ya senti za mama?"

"Lote, bibi."

Bibi akamshika Amna mkono akamwinua, akamzungushia mshipi kiunoni juu ya gauni, akaanza kutafuta pa kufunga. Kamba ilikuwa ndefu, ikampwaya.

"Mama alikuwa na mwili," alisema. "Kwako wewe, ng'wanone, mwanangu, itabidi tupunguze kamba."

"Bibi, sina pesa ya kuununua."

"Nani amekuuzia? Simama wima, nifunge."

Amna akasimama wima, machozi yanamtoka, huku yule bibi mwenye makapi ya mpunga mikononi akimfungia fundo. Nilikuwa na utani tayari kuhusu kiuno chake. Ukanikwama.

"Huyu ni wifi yangu," nikasema kwa sauti, ingawa pale uani hakuna aliyekuwa ameniuliza.